Bei ya unga pekee haimng'oi gavana

Wito wa "wantam", yaani muhula mmoja tu, ulianza ukimlenga Rais William Ruto wa Kenya, kisha ukashuka hadi kwenye kaunti. Siku hizi gavana wa muhula wa kwanza akisimama kuhutubia mazishini au sokoni, haikosi sauti ya kumkumbusha kwamba muhula ni mmoja tu. Sababu wanazotoa wanaoimba hivyo zinaeleweka: maisha yamepanda, makato kwenye mishahara yameongezeka, biashara ndogo zimekwama, na vijana waliomaliza vyuo wamekaa nyumbani. Kwa hivyo, wanasema, ifikapo 10 Agosti 2027 hali ngumu itawafagia magavana wote wanaotetea viti. Mimi naona hesabu hiyo imekosea mahali muhimu. Uchumi mbaya humfikia gavana, ila haumfikii kwa njia ya bei ya unga. Humfikia kupitia akaunti ya kaunti: mgao unaochelewa, wazabuni wasiolipwa, na ushuru unaopandishwa ili kuziba pengo. Na hata hasira ikishajaa, kinachoamua kama itamng'oa ni tiketi ya chama na idadi ya wapinzani watakaokuwa kwenye karatasi ya kura.

Tuanze na rekodi, kwa kuwa tumeshawapigia kura magavana mara tatu. Wale 47 wa kwanza walichaguliwa 4 Machi 2013. Agosti 2017, 22 kati yao walipewa muhula wa pili. Mwaka huo haukuwa mwepesi hata kidogo. Ukame ulikuwa umekaza, na Mei serikali ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga iuzwe Sh90. Madaktari walikuwa wamegoma siku 100 hadi Machi, na siku ya kura wauguzi wa kaunti walikuwa bado wako kwenye mgomo wao. Mwaka 2022 ukaja vilevile: mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu kaskazini na mashariki, na unga ulikuwa umepita Sh200 kabla ya ruzuku ya Julai kuushusha hadi Sh100. Safari hii waliofaulu kutetea viti walikuwa kumi hivi. Ukiangalia ni nani alipona na nani alianguka, hupati mstari unaofuata njaa. Josphat Nanok alirudi Turkana 2017 katikati ya ukame. Mohamud Ali wa Marsabit na Dhadho Godhana wa Tana River walirudi 2022 wafugaji wakihesabu mizoga. Ndiritu Muriithi wa Laikipia, ambaye hata wapinzani wake walimkubali kuwa mtu wa mipango ya uchumi, aliangushwa mwaka huohuo.

Kuna jambo jingine la 2022 ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Angalau magavana wanane walioingia au kurudi afisini mwaka huo walikuwa watu waliokataliwa na wapiga kura haohao 2017: Joshua Irungu wa Laikipia, Issa Timamy wa Lamu, Ahmed Abdullahi wa Wajir, Nathif Jama wa Garissa, Benjamin Cheboi wa Baringo, Simon Kachapin wa West Pokot, Ken Lusaka wa Bungoma na Julius Malombe wa Kitui. Mpiga kura aliyewafukuza kwa hasira miaka mitano awali aliwaita tena. Hii inanionyesha kwamba anapofika kituoni hapimi maisha yake kwa ujumla. Huwapima watu wawili au watatu aliowekewa mbele, na kumbukumbu ya zahanati, barabara na maji chini ya kila mmoja wao. Gavana wa sasa anayedhani mtangulizi wake amekwisha kwa sababu alishindwa afikirie upya. Pia ajue kwamba hao wanane hawarudi tena debeni 2027, kwani Kifungu cha 180 cha Katiba kinamruhusu mtu mihula miwili tu hata kama imeachana.

Mwananchi wa kawaida anajua kugawanya lawama kuliko wachambuzi wanavyomdhania. Bei ya mafuta, ushuru wa bidhaa, makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na yale ya bima ya afya ya asilimia 2.75, yote anayaweka mlangoni mwa serikali ya kitaifa, na hakosei. Kwenye mlango wa gavana anaweka dawa zisizopatikana hospitalini, barabara ya wadi iliyochimbwa ikaachwa, maji, soko, shule za chekechea na basari. Kwa hivyo swali la kuuliza ni hili: mdororo wa uchumi unaingiaje katika mambo hayo?

Unaingia kwanza kupitia mgao. Katiba inasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa mara ya mwisho, na kiasi halisi huamuliwa kila mwaka katika Sheria ya Ugavi wa Mapato. Mapato ya ndani ya kaunti zote 47, ukijumlisha leseni, ada za kuegesha magari, kodi ya ardhi na ada za hospitali, hayajawahi kufika Sh70 bilioni kwa mwaka, ilhali mgao umekuwa ukizidi Sh380 bilioni. Ndiyo maana Nairobi ikipiga chafya, kaunti zinalala na homa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, mgao uliokuwa umepangwa kuwa Sh400.1 bilioni ulipunguzwa hadi Sh387.4 bilioni, na mvutano kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti ukaendelea miezi kadhaa huku kaunti zikiwa tayari zimepitisha bajeti kwa hesabu ya kwanza. Miradi iliyokuwa imeandikwa kwenye vitabu ilibaki bila pesa nyuma yake. Mwaka wa fedha uliotangulia, wa 2023/24, Hazina ya Kitaifa ilifunga Juni ikiwa bado haijatuma takriban Sh30.8 bilioni za mwezi huo. Pesa zikifika Julai, mwaka wa fedha umeshafungwa, mfumo wa malipo wa IFMIS umesimama, na kazi iliyofanywa Mei na Juni inageuka deni la mwaka unaofuata.

Hapo ndipo tunafika kwenye deni la wazabuni, na ningeomba msomaji atulie hapa, kwa sababu naamini ndipo kura nyingi za magavana hupotelea. Tuseme mama mmoja amepata zabuni ya kupeleka maziwa katika hospitali ya kaunti ndogo, lita 60 kila asubuhi kwa Sh60 lita. Hiyo ni Sh3,600 kwa siku, Sh108,000 kwa mwezi. Ana LPO, hati rasmi ya kaunti ya kuagiza bidhaa, mkononi. Kila asubuhi mtunza stoo anamwekea sahihi kwenye hati ya kupokea bidhaa, mwisho wa mwezi kamati ya ukaguzi inathibitisha, naye anapeleka ankara makao makuu ya kaunti. Ankara inageuzwa vocha, vocha inakaguliwa, inaingizwa kwenye IFMIS, kisha inasubiri. Kaunti haiwezi kutoa pesa katika Mfuko wa Mapato ulioko Benki Kuu bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, na idhini haiombwi kama Hazina haijatuma kitu. Pesa zikitua, mishahara inalipwa kwanza, kwa kuwa wafanyakazi wasipolipwa hospitali zinafungwa. Kaunti nyingi zimeshapita kikomo cha asilimia 35 cha mishahara kilichowekwa na kanuni za fedha, kwa hivyo kinachobaki ni kidogo, na foleni ya vocha ni ndefu. Tangu 2023 sheria imeziruhusu hospitali kubaki na kutumia mapato yao wenyewe, na pengine maziwa yangelipwa humo. Lakini sehemu kubwa ya mapato hayo sasa inategemea SHA, mamlaka ya taifa ya bima ya afya, kulipa madai ya wagonjwa, na SHA ikichelewa, akaunti ya hospitali nayo ni kavu.

Baada ya miezi mitatu mama huyo anadai Sh324,000. Wakulima anaonunua maziwa kwao hawajui IFMIS. Wanataka pesa zao kila wiki. Amekopa kwenye sacco kwa dhamana ya LPO, na waliomdhamini wameanza kukatwa akiba zao. Weka hapo wakulima ishirini, wadhamini wanne, familia zao, na kanisa zima linalojua kwamba kaunti ilimla. Hawa hawahitaji mtu wa kuwaeleza ugatuzi. Kisha zidisha kwa mkandarasi aliyeweka kalvati, aliyeleta madawati ya chekechea, aliyetengeneza ambulensi, katika kila wadi. Kufikia mwisho wa Juni 2024, ripoti za Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o zilionyesha kaunti zikidaiwa zaidi ya Sh180 bilioni, zaidi ya nusu yake ikiwa ya Kaunti ya Nairobi peke yake. Hizi si takwimu za wahasibu tu. Mkandarasi mdogo wa wadi ndiye hukodisha magari siku ya kampeni, hulipia mahema, hulisha mawakala kituoni. Akilipwa anampigia gavana debe. Asipolipwa miaka miwili, pesa chache alizobakiza anazipeleka kwa mpinzani anayemwahidi kwamba atalipwa wiki ya kwanza. Mwakilishi wadi naye, akiona mradi wake umekwama, anaanza kusikiliza mazungumzo ya hoja ya kumwondoa gavana. Kuna gavana anayetazama umati unaomshangilia huku mtandao uliomweka madarakani umeshahama chini kwa chini.

Njia ya tatu ni ushuru. Mgao ukichelewa, waziri wa fedha wa kaunti huambiwa aongeze mapato ya ndani, na njia ya haraka ni kuwabana waliopo tayari: kupandisha leseni ya duka, kutuma askari wa kaunti sokoni mapema zaidi, kuongeza kizuizi cha ushuru wa mazao barabarani. Mama mboga anayetoa Sh50 kila siku ametoa zaidi ya Sh15,000 kwa mwaka, na akitazama nyuma yake choo cha soko kimefungwa kwa kufuli na taa ya usiku haijawaka tangu masika. Mtu huyu hana shida ya kulipa. Shida yake ni kwamba haoni kinachorudi. Kosa hili linaumiza zaidi likifanywa katika mwaka wa mwisho, kwa sababu Sheria ya Fedha ya kaunti hupitishwa kila mwaka, na viwango vipya vitakavyoanza mwishoni mwa 2026 ndivyo atakavyokuwa akivilipa anapokwenda kupiga kura.

Magavana wana utetezi wao, na una uzito. Wanasema hawana mamlaka juu ya Hazina, kwamba sheria inataka mgao utumwe mapema kila robo ya mwaka na hautumwi, na kwamba wanalaumiwa kwa pesa wasizoziona. Baraza la Magavana limetishia mara kadhaa kufunga huduma kwa ajili hiyo. Nakubaliana nao kuhusu Hazina. Ucheleweshaji huo ni dhuluma kwa wagonjwa na kwa wafanyabiashara wadogo, na wabunge wanaoukalia kimya wanastahili lawama. Ila kama ngao ya uchaguzi, utetezi huu ni dhaifu kuliko wote. Kaunti zote 47 zinacheleweshewa kwa kalenda moja. Bado ripoti ya mwaka uleule inakuonyesha kaunti inayodaiwa kiasi kidogo sana, na jirani yake mwenye mgao unaokaribiana anadaiwa mabilioni. Tofauti hiyo haikuletwa na Hazina. Ililetwa na kutoa zabuni zisizo na bajeti, kukadiria mapato ya ndani kwa ndoto ili kitabu kisawazike, kuajiri watu wa kampeni, na kulipa vocha za wakubwa kabla ya zile zilizowasilishwa kwanza. Gavana akisimama jukwaani kuilaumu Nairobi, msikilizaji aliye na jamaa kaunti ya jirani anajua jibu.

Wapo pia wanaosema gavana aliye afisini haondoki kwa sababu ana pesa, magari na wafanyakazi. Waliong'olewa 2017 walikuwa na vyote hivyo.

Hoja nzito kuliko hizi ni ya wale wasemao rekodi haina maana, chama ndicho kila kitu. Hawa wana mifano mizuri. Isaac Ruto wa Bomet, mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, aliangushwa na Joyce Laboso 2017 baada ya kusimama kinyume na wimbi la Jubilee katika Bonde la Ufa. Miaka mitano baadaye wimbi la UDA, chama cha William Ruto, liliwazoa James Nyoro wa Kiambu, Lee Kinyanjui wa Nakuru na Francis Kimemia wa Nyandarua, wote wakiwa upande wa Azimio, muungano wa Raila Odinga, katika maeneo yaliyokuwa yameamua kwenda kwingine. Lakini wimbi lina mipaka. Salim Mvurya wa Kwale alihama ODM, chama cha Raila, akaenda Jubilee kabla ya 2017, katika pwani iliyokuwa ngome ya ODM, na bado akachaguliwa. Watu walikuwa wameona vituo vya chekechea vijijini na ufadhili wa masomo kwa watoto wao. Kivutha Kibwana wa Makueni alipigana na bunge la kaunti yake hadi ikaombwa kaunti ivunjwe, lakini alipoanzisha bima ya Sh500 kwa familia kwa mwaka, mwananchi alipata kitu cha kushika mkononi, na 2017 akarudi. Naisoma rekodi hivi: wimbi likiwa kali humbeba au humzamisha karibu kila mtu, likiwa la wastani, huduma ndiyo huamua. Kwa hivyo anayetaka kutabiri 2027 lazima aangalie mawimbi yako wapi.

Na mawimbi ya safari hii yamevurugika. Mlima Kenya, magavana walioingia 2022 kwa tiketi ya UDA, kama Kimani Wamatangi wa Kiambu, Irungu Kang'ata wa Murang'a na Cecily Mbarire wa Embu, wamekuta eneo limegawanyika tangu Rigathi Gachagua aondolewe unaibu rais Oktoba 2024 na kuanzisha chama cha DCP mwaka uliofuata. Wakibaki UDA wanaweza kukutana na walichokutana nacho kina Nyoro. Wakihama, wanaingia foleni ya mchujo iliyo na watu waliotangulia. Nyanza, kifo cha Raila Odinga 15 Oktoba 2025 kimemwondoa mtu ambaye kauli yake ilikuwa inamaliza ugomvi wa tiketi. Gladys Wanga wa Homa Bay na James Orengo wa Siaya walichaguliwa 2022 kwa tiketi ya chama kimoja, ODM, lakini wametofautiana wazi kuhusu serikali jumuishi, yaani ushirikiano wa ODM na Rais Ruto. Pasipo msuluhishi, watakaoshindwa kwenye mchujo hawatarudi nyumbani. Watakwenda debeni kama wagombea huru.

Hilo linatuleta kwenye hesabu ambayo wengi huisahau. Ugavana hauna duru ya pili, wala hautaki asilimia 50. Anayepata kura nyingi kuliko mwingine ndiye gavana. Meru 2022 ndilo somo. Kawira Mwangaza, mgombea huru, alipata takriban kura 209,000. Mithika Linturi wa UDA alipata 184,000 hivi, na Kiraitu Murungi, aliyekuwa akitetea kiti, akawa wa tatu na 111,000 hivi. Wapiga kura wengi wa Meru hawakumchagua mshindi. Hasira dhidi ya gavana ilikuwepo, na safari hiyo ilitosha kumng'oa, lakini geuza namba hizo kidogo: gavana mwenye asilimia 35 thabiti na wapinzani watano wanaogawana iliyobaki anarudi afisini hata kama kaunti nzima inaimba wantam. Upinzani unaotaka kutumia hali ngumu ya uchumi lazima ukae chini mapema, ukubaliane na mtu mmoja, na uwalipe fadhila wanaojitoa kwa nafasi za useneta au unaibu gavana. Katika kaunti nyingi mazungumzo hayo hayajaanza, na kila mmoja anasubiri mwenzake achoke.

Kwa gavana anayetaka kupona, kazi iliyobaki iko kwenye bajeti ya 2026/27. Aorodheshe madeni yote, ayatenge yaliyothibitishwa na yale ya kutiliwa shaka, na aanze kulipa madogo: deni la chini ya Sh1 milioni huwa la watu wengi sana kwa pesa kidogo, na kila analolilipa ni familia kadhaa zilizorudi kumsikiliza. Asizindue mradi mpya wadi ambayo wa zamani umesimama kwenye linta. Basari asiitegemee kama silaha ya dakika za mwisho, kwa kuwa waraka wa Mdhibiti wa Bajeti wa Januari 2025 uliotaka kaunti ziache kugharamia elimu isiyo jukumu lao ulifika mahakamani, na mlango huo unaweza kufungwa wakati wowote.

Kalenda yenyewe nayo haimhurumii. Mwaka wa fedha wa 2026/27 utafungwa 30 Juni 2027, siku 41 kabla ya kura. Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote katika kaunti: sheria mpya za ugavi zinasubiriwa, IFMIS inafunguliwa upya, na mara nyingi mgao wa Juni haujafika. Mshahara wa Julai ukichelewa, wauguzi watakuwa wakinong'ona kugoma kampeni zikiwa zimepamba moto. Na yule mama wa maziwa, kama vocha yake ya Aprili haikulipwa kabla ya 30 Juni, ataambiwa arudi Septemba.